Nimezalisha Senene Ukweni

Jamani, leo nimejiumbua mwenyewe. Ukweni. Tena kwa sauti kubwa.

Asubuhi nimetoka zangu Miembeni, Bukoba mjini, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata shingo, nikaenda Nshamba kujitambulisha kwa wazazi wa mpenzi wangu Koku. Baba yake ana swali moja tu: hii kazi yangu ya kompyuta ni kazi gani? Asiporidhika, posa hakuna. Basi nikamtengenezea gemu. Senene, wale panzi wetu watamu wa kukaanga, wanadondoka kutoka juu, wewe unawadaka kwa kikapu. Hatua ya kwanza iko Bukoba mjini, ya pili Kemondo. Mhaya gani atakataa senene? (Nilijiona nina akili. Ngojeni.)

Nimefika, nimekaribishwa vizuri. Chakula kikiwa jikoni, nikaijaribu gemu pembeni. Lahaula! Amri ya kuzalisha senene nilikuwa nimeiweka pale inaporudiwa kila kufumba na kufumbua. Kioo kikajaa senene, kompyuta ikaganda!

Nikatoka mbio hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba, ndiko mtandao unakoshika, nikampigia Sadiki, rafiki yangu tunayefanya naye kazi hii. Simu inakatakata, kwa hiyo nikawa napiga kelele.

"Sadiki, nimezalisha kupita kiasi! Bukoba afadhali, Kemondo ndiyo balaa! Kila nikigusa, wanazaliwa!"

Sadiki akaniuliza kuhusu wale wa nje. (Wa nje ya kioo, jamani. Wale walioanguka bila kudakwa.)

"Wa nje wote wapo! Sijamfuta hata mmoja! Koku mwenyewe hajui, nataka nilimalize kabla baba yake hajaona!"

Nikageuka. Shangazi yake Koku kasimama pale na mkungu wa ndizi kichwani. Nikamwamkia. Akanipita mbio kuingia ndani. Nikadhani mama wa watu hasikii vizuri.

Nikamalizana na Sadiki, nikarudi sebuleni. Shangazi kamwinamia Mzee, baba yake Koku, sikioni, wanateta kwa Kihaya. Mzee akakohoa.

"Mwanangu, hao wa Kemondo ni wangapi?"

Nilifurahi mimi! Nikajua Koku ameshamsimulia habari za gemu.

"Hawahesabiki, Mzee. Wanazaliwa tu."

"Mawee!" Shangazi akashika kichwa.

"Na mama yao yuko wapi?"

(Swali geni kidogo, lakini mkwe hapingwi.)

"Hawana mama, Mzee. Nawatoa mwenyewe."

"Sasa watoto wote hao wanakula nini?"

Hilo neno "watoto" nimelisikia kabisa. Nikaona Mzee anatania, nami nikajibu kwa bashasha:

"Hawali, Mzee. Wao ndio wanaoliwa."

Shangazi aliruka kwenye kiti! Koku akatoka jikoni na mwiko mkononi, akatutazama mmoja mmoja, akaelewa, akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, ni senene! Senene wa kwenye kompyuta!"

Ndipo nami nikaelewa. Aibu ilinishika, nikatamani ardhi ipasuke. Nikaiwasha upya kompyuta, nikafungua gemu haraka nijitetee. (Kurekebisha? Nani aliyekumbuka kurekebisha?) Senene wakamwagika. Kioo kijani kitupu, kikapu hakionekani, mashine ikaganda mbele ya ukoo.

Shangazi alishaanza kucheka, anajifuta machozi kwa khanga. Mzee yeye akavaa miwani, akakitazama kioo kwa utulivu kama anakagua kahawa.

"Kazi nimeiona," akasema. "Kuzaa unajua. Nenda kajifunze kuzuia, halafu urudi tuzungumze habari za binti yangu."

Basi posa yangu imesimama kwa sababu ya mstari mmoja wa amri. Niko njiani narudi mjini, na Koku kanitumia ujumbe sasa hivi: "Ufike salama, Baba Senene."

Atakayeniita hivyo hapa, nambloku.