Reale Yetu Imeizidi ya Mwamvua kwa Umri

Jumatatu, 2 Juni 1913
Upepo, vumbi, baridi. Lakini habari njema! Yule Mdachi anayekusanya sarafu za kale, tunayemwita Bwana Miwani, anatafuta kijana wa kutunza sanduku lake na kusafiri nalo kwa gari la moshi. Jumamosi atawapima. Kila kijana alete sarafu moja ya kale, aieleze. Pale pale kisimani nilikozisikia nikatangaza kwamba kazi hiyo ni ya mwanangu Yoramu. Jirani yangu Mwamvua akacheka mpaka mtungi ukamwagika. Eti Bushiri wake ni mjukuu wa watu wa misafara, kakua akichezea reale, zile sarafu kubwa za fedha. Yoramu wangu ataitia kwenye mlenda kwanza aone kama inaiva. Nilinyamaza. (Sikunyamaza.)

Jumanne, 3 Juni 1913
Nimeitoa reale ya marehemu bibi. Ina mwanamke mnene, kifua tele, kajitanda ushungi. Mama wa watu, unaona tu. Na ina nambari! Mimi si mbumbumbu, nilifundishwa herufi misheni, kule Mvumi, mpaka nilipoolewa. Moja, saba, nane, sifuri. Yaani ana miaka elfu moja mia saba na themanini! Nimemchovya kwenye ukwaju. Kang'aa kama jino la mtoto. Kosa! Nani ataamini bikizee asiye na kunyanzi? Nimemfukia kwenye samadi. Katoka kazeeka vizuri. Ananuka kidogo.

Alhamisi, 5 Juni 1913
Balaa! Nimekwenda kwa Mwamvua kuomba moto. (Moto ninao.) Kumbe naye ana reale. Mwanamke yule yule! Kifua kile kile! 1780! Nikamwambia yake imeiga yangu. Akanijibu yake angalau imeoga. Nimerudi nimevimba. Umri sawa? Bushiri apande gari la moshi, mwanangu abaki kufukuza ndege kwenye uwele? Thubutu! Nimechukua msumari. Ile saba nimeifumba kichwa, imekuwa tisa. 1980! Miaka mia mbili zaidi kwa kukwaruza kidogo tu. Yoramu akasema, mama, huo ni uongo. Nikamwambia, mwanangu, huo ni uzee.

Jumamosi, 7 Juni 1913
USHINDI! Bushiri alitangulia, akaapa reale yao ilitoka mfukoni mwa Nabii Suleimani. Bwana Miwani akapiga mwayo. Akaingia Yoramu. Bwana akaisogeza yetu machoni, akainusa, akaisogeza tena. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Akasema reale hii haijazaliwa bado. Nikajua Kiswahili kimempiga chenga. Akamuuliza Yoramu imetoka wapi. Nikamkonyeza mwanangu. Nikamkonyeza kwa macho yote mawili! Akasema, Bwana, ni ya bibi, ila ile tisa mama kaichonga juzi kwa msumari. Nilitamani ardhi inimeze. Bwana akainuka, akampa mkono. Akasema tangu aje anauziwa vifungo vya koti kwa viapo vya manabii. Leo ndiyo kampata mtu wa kumwambia kweli. Kazi ni ya Yoramu! Jumatatu wanapanda gari la moshi, wanaanza na stesheni ya Gulwe. Mwamvua uso kama kabugia ukwaju. Nimepiga vigelegele mpaka stesheni, na kurudi.

Jumapili, 8 Juni 1913
Kanisani nimekaa mbele. Wote nimewaeleza kwamba msumari wangu ndio uliompa mwanangu kazi. Bwana Miwani jana alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole eti nambari si umri, ni mwaka. Tena reale hizi huandikwa 1780 hata zikipigwa chapa juzi. Nilimwonea huruma. Vioo viwili machoni na bado hajui kusoma! Bahati yake kampata Yoramu.

Sasa sikia. Jioni nimenunua chumvi, nikarudishiwa hela moja mpya, ile sarafu ndogo ya shaba, inametameta. Nikaigeuza. 1913! Mungu wangu! Inampita yule bikizee wa kwenye reale, na watu wananunulia karanga! Nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nimekwenda moja kwa moja kwa Mwamvua, nikamwomba hela zake zote mpya, nimpe jogoo wangu mwekundu. Kakubali kabla sijamaliza kusema. Alicheka sana akimfunga jogoo miguu. Maskini Mwamvua! Laiti angesomeshwa hata kidogo.