Jinsi Saliha wa Buyenzi Alivyomwangusha Panya kwa Punje Moja

Krrt. Krrt-krrt. Kimya. Kisha tena, nyuma ya kabati la vyombo, umeme ukiwa umekatika tangu magharibi: krrt.

Enyi mnaokaanga ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwa mwanga wa simu, enyi mafundi wenye mikono ya grisi na akina mama wenye watoto mgongoni, sogezeni viti, na anayetaka kukohoa akohoe sasa! Kwa maana hapa zinasimuliwa habari za vita vilivyopiganwa Buyenzi, barabara ya kumi na nane, katika chumba chenye upana wa hatua nne. Na habari za Saliha binti Rachidi, Simba-Jike wa Masomo ya Jioni, Mbeba-Daftari, Mshika-Mwiko, ambaye mpaka juma lile hakuwa ameua kitu kikubwa kuliko mbu, na hata mbu wengine walimshinda.

Adui alikuwa panya. Wala msicheke. Urefu wake ulikuwa wa ndala ya mwanamume mzima, na masharubu yake ya ofisa mstaafu. Juma lililotangulia alikuwa ameutafuna upindo wa blanketi la Houda, mtoto wa pekee wa Saliha, mwenye miaka minne, na Houda akiwa ndani ya blanketi hilo. Tangu siku hiyo mtoto alikataa kubaki nyumbani jioni bila mama yake. Baba alimbembeleza, akamwimbia, akamwahidi biskuti, apana. Alining'inia kwenye sketi ya mama kama kupe.

Hivyo Saliha akakosa darasa mara mbili. Naye Mwalimu Sylvère, mtu mwenye sauti ya upole na moyo wa rula, akamtumia ujumbe: «Madamu, ukikosa ya tatu, nafuta jina.» Na ya tatu ilikuwa Alhamisi, siku ya mtihani wa mwisho. Miaka miwili ya kusoma mbele ya sufuria, miaka miwili ya kuandika huku mtoto amelala mapajani, yote ilikuwa imewekwa chini ya miguu ya mnyama anayekula sabuni.

Ndipo akaitwa Mzee Hamimu, baba mkubwa wa mumewe. Akaja na silaha yake imefungwa katika kitenge cha marehemu mkewe: bunduki ya upepo, ya mtindo wa zamani, inayokunjwa katikati, inayolishwa punje moja tu ya risasi, ikaitema, kisha ikangoja kulishwa tena kama mtoto mchanga. Katika kiberiti zilikuwamo punje tatu. Hazikuwapo nyingine mjini kote, au ndivyo alivyoapa.

«Baba mkubwa,» akanena Shakuru, mume wa Saliha, fundi wa pikipiki, «siku hizi kuna gundi. Kuna sumu ya sokoni, kipakiti kimoja unamaliza.»

«Sumu!» Mzee akasimama, na kivuli chake kikagusa bati. «We Shakuru, sumu ni ya mutu asiyetaka kuonana na adui yake. Mi nilitoka na hii alfajiri, bondeni kwa Rusizi, nyasi zimelowa mpaka magoti. Kware mmoja, punje moja. Ukikosa, unarudi nyumbani, unakula maharage, unamheshimu kware. Mwenye risasi thelathini anapiga kelele tu. Mwenye moja lazima atulie kwanza. Anapumua. Anaona chungu anavyopita, anasikia maji. Miaka hamsini sijaichoka.»

«Na kware ulipata wangapi, Baba mkubwa?» akauliza Saliha kwa adabu zote.

«Hayo tusihesabu,» akajibu mzee.

Jumatatu Mzee Hamimu alipiga, na gunia la unga likapata jeraha la ubavuni. Jumanne Shakuru alipiga, na kalenda ya ukutani ikatobolewa katikati ya mwezi wa tano. Ikabaki punje moja. Ikaja Jumatano.

Saliha alizikaanga ndagala kwa pilipili na limau, akazipanga juu ya kifuniko katikati ya sakafu, kisha majeshi yote yakajilaza nyuma ya benchi iliyopinduliwa: mzee na bunduki, Saliha na simu ya kumulika, Shakuru katikati kama akiba ya vita. Houda alikuwa kitandani, kafunikwa kanga mpaka utosini, isipokuwa jicho moja lililochungulia. Giza likatanda. Dakika zikapita kama ng'ombe wanaovuka barabara.

Kruch.

«Amekuja,» mzee akanong'ona. Kruch, kruch. «Anakula bila haya. Mwanga!»

Saliha akawasha. Na tazama, si panya, bali Shakuru, amejinyoosha kwa tumbo mpaka kwenye kifuniko, mkia wa ndagala ukimtoka mdomoni.

«We Baba Houda!»

«Ilikuwa moja tu.»

«Moja? Zimebaki mbili!»

«Mama Houda, mi nimetoka kazini toka asubuhi. Munaniweka gizani na ndagala za limau, mulitaka nifanye nini? Nilindwe na nani?»

«Miaka hamsini,» akanena Mzee Hamimu kwa uchungu, «nimeona mwindaji aliyepotea, nimeona aliyelala. Aliyekula chambo, leo ndiyo mara ya kwanza.»

Basi Shakuru akavuliwa cheo, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na mafuta na punje ingemteleza. Mzee naye alijifuta chozi la hasira kwa mkono ulioshika pilipili, na jicho lake la kulengea likafumba likakataa kufumbuka. Akaikunja bunduki, akailisha ile ya mwisho, akaiweka mikononi mwa Saliha.

«Mi?» akasema Simba-Jike, na sauti yake ilikuwa ya kuku.

«We. Mtihani ni wa nani?»

Giza likarudi. Saliha akalaza shavu kwenye mti wa bunduki. Mwanzoni aliogopa, kisha, kwa kuwa punje ilikuwa moja na hapakuwa na la kuharakia, jambo geni likamshukia. Alitulia. Hakuna sufuria, hakuna zoezi la kunakili. Akasikia pumzi ya mwanawe chini ya kanga, akasikia moyo wake mwenyewe, akasikia Shakuru akilamba kidole. Lini mara ya mwisho alikaa hivi, mtu mzima, akingojea kitu kimoja tu? Akamwelewa mzee. Akawaelewa hata wale kware.

Krrt.

«Mwanga,» akanong'ona mwenyewe, na Shakuru akamulika.

Alisimama pale, Sultani wa Nyuma ya Kabati, ndagala mkononi, wala hakukimbia, kwa kuwa alikwisha kuwazoea. Saliha akalenga sikio. Akasema bismillahi. Akavuta.

Pa!

Punje ikapaa dhiraa mbili juu ya adui, ikalikuta beseni la bati lililotundikwa ukutani, beseni la kuogea, zito, la arusi. Beseni likayumba, likaacha msumari, likashuka na ngurumo iliyoamsha mbwa wa barabara tatu. Na liliposimama, lilikuwa limemfunika. Walipoliinua panya alikuwa amekata roho, ama kwa pigo ama kwa aibu. Juu ya hilo wanahistoria hawajapatana.

«Amelenga msumari!» akalia Mzee Hamimu. «Allahu akbar, msumari!»

Saliha akafumbua kinywa ili aseme kweli. Kisha akakifumba. Na ninyi mngekifumba.

Alhamisi jioni uani palijaa. Mzee Hamimu alikuwa kwenye kiti akiwahutubia majirani, na Houda mapajani mwake na biskuti. Saliha akatoka na daftari kwapani, akasimama karibu na mtoto, akangoja sketi yake ishikwe. Haikushikwa.

«Na uandikwe mwaka huu,» akanguruma mzee, «uitwe Mwaka wa Beseni! Hatua sita, chumba cha giza, punje moja! Mama huyu, Mama Houda, alikuwa na jicho la kozi. Alitazama msumari bila kupepesa mpaka msumari wenyewe ukaona haya!»

Houda akashusha biskuti, akawatazama watu wote.

«Mama alifumba macho,» akasema.