Mpangaji wa Chumba cha Chini Kushoto

Garama aliziona bangili kabla hajamwona mwenye mkono. Watani wake walisema alizaliwa Gharama, ile h akaiuza. Mwaka ule wa tisini na moja alizunguka Kisauni na suti ya kijivu na begi la ngozi, akijiita daktari wa moyo. Hakuna aliyemwuliza alikosomea, kwani koti lilitosha kujibu.

Bangili zilikuwa za Mwanakheri, mjane muuza mahamri, aliyetoka kwa sonara asubuhi ile. Dhahabu hiyo aliidunduliza miaka mingi kwa arusi ya bintiye, Mwanarehema, iliyokuwa Ijumaa. Alizivaa njiani kwa kuogopa wezi, masikini.

"Shikamoo mama. Mbona wahema?"

"Marahaba mwanangu. Jua hili!"

"Si jua. Ni moyo."

Akatandaza picha ya moyo barazani kwa mama, majirani wakasogea.

"Moyo ni nyumba ya vyumba vinne, jamani. Viwili juu, viwili chini, na ukuta katikati. Damu iliyochoka huingia kulia, hupelekwa mapafuni ikapate pumzi, kisha hurudi kushoto. Milango yake haifunguki kinyumenyume. Na chumba cha chini kushoto ndicho chenye ukuta mnene, maana ndicho kisukumacho damu hadi kuchani."

Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Mwongo hodari haanzi na uongo.

Kisha akamshika mama kifundo cha mkono, akafumba macho. "Lahaula! Chumba hicho kina mpangaji. Jini! Ameifuata dhahabu. Zivue bangili, zilale begini mwangu, kesho nimtoe."

Mwanakheri aliogopa, tena sana. Alizivua, akazitia begini, akamwona daktari akifunga begi upesi na kuitupia jicho njia ya kutokea. Hapo akaogopa jambo jingine kabisa.

Akaanza kutetemeka. Sauti nzito ikamtoka: "Nani aloniamsha?"

"Amepanda!" akalia jirani yake Kahaso. "Pepo amepanda! Ni daktari huyu alokuamsha, bwana mkubwa."

"Nataka begi!"

Kisauni nzima yajua sheria: pepo akipanda kichwani, aliyemwamsha humpa atakacho. Akimnyima, pepo humhamia yeye.

Garama akacheka kikavu. "Jamani, hakuna jini hapa."

"Hakuna vipi?" Kahaso akasimama mbele yake. "Si wewe ulosema yumo, chini kushoto?"

Vijana wa gereji ya jirani walikuwa wameshaziba njia. Begi likatolewa. Jini akalikumbatia huku akilia machozi, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza.

"Na koti!"

"Mpe, daktari, asije akakuhamia."

Akavua koti.

"Na suruali!"

Hapo daktari alipenya katikati ya vijana, akatoka mbio kuelekea barabara ya Malindi, mikono miwili imeshika mshipi.

Kahaso akainama, akanong'ona, "Pepo karidhika?"

"Karidhika," alisema Mwanakheri kwa sauti yake mwenyewe, akilipangusa koti vumbi. "Mimi ndiye sijaridhika. Mkwe wangu hana suti ya arusi, na yule mwizi kanikimbia na nusu yake."