Abiria wa Maonyesho

Jumatatu, 4 Mei
Simu kutoka makao makuu mjini. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Wanataka kujua kwa nini ndege ya viti kumi na viwili hutua kwetu na rubani na matumaini tu. Akikuta chumba cha abiria kitupu, huduma inafungwa, nami nafungwa nayo. Mimi ndiye mkata tiketi, mpima mizigo na mfukuza mbuzi kwenye njia ya ndege. Honi, wakala wa mabasi wa ng'ambo ya barabara, keshasikia. Alikuja kupima ofisi yangu kwa hatua. Itafaa kuwekea matairi, anasema. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Baadaye nikagundua kwamba methali hiyo inamfaa yeye.

Jumanne, 5 Mei
Nimepata wazo. Ndugu wa mke wangu ni wengi na hawana haraka. Wavae vizuri, wabebe masanduku, wajaze mabenchi. Mkaguzi akiridhika na kwenda kunywa chai, watarudi zao nyumbani. Mke wangu akasema hilo ni wazo la mtu asiye na kazi. Nikamjibu kwamba huyo ndiye ninayejaribu nisiwe. Mama mkwe amekubali bila kuuliza swali. Si kawaida yake.

Jumatano, 6 Mei
Mazoezi sebuleni. Nimewafundisha kutazama saa na kushusha pumzi kama wasafiri. Mjomba wa mke wangu anashusha kupita kiasi; Honi alipopita dirishani aliuliza nani amefariki. Masanduku tumeyajaza mito. Nimewaandikia na tiketi, wawe na kitu cha kushika mkononi. Ni tiketi za kweli. Kitabu kingine sina.

Alhamisi, 7 Mei
Mkaguzi ni mtu mfupi, mpole, wa miwani. Alisimama mlangoni akahesabu vichwa mara mbili. Chumba kimefurika. Nikaona nimeula. Kisha akataka nipime mizigo mbele yake. Sanduku la mjomba, kubwa kama kabati, nililiinua kwa vidole viwili. Akasema abiria wa huku wana mizigo myepesi. Nikasema ni watu wa kiasi.

Chai hakutaka. Alichukua muhuri wangu akagonga tiketi zote mwenyewe. Mama mkwe akainuka, akashika njia ya ndege. Nikamkimbilia, nikamnong'oneza kwamba sasa ndipo wanaporudi nyumbani.

“Mwanangu,” akasema, “mimi sikuvaa viatu hivi kuja kukaa kwenye benchi.”

Wengine wakamfuata. Mkaguzi akakaa kando ya rubani, mlango ukafungwa. Aliyebaki chini ni daktari wa meno, abiria wangu pekee wa kweli. Hakupata kiti. Ikabidi nimvushe barabara nikamwombee nafasi kwenye basi. Honi alimpa kiti cha dirishani, kisha akaniuliza kwa upole kama na mimi nasafiri.

Ijumaa, 8 Mei
Simu tena. Njia nzima mama mkwe alimsimulia mkaguzi kila kitu, mpaka mazoezi ya kushusha pumzi. Nauli zao zitakatwa kwangu, maana yake mshahara wa mwezi huu umeruka nao. Kuhusu huduma, mkaguzi bado anafikiri. Mke wangu alinipakulia chakula kidogo tu.

Jumamosi, 9 Mei
Wamerudi. Mama mkwe alishuka ngazi polepole, akiangalia nani anamwona, akapitiliza sokoni. Huko akahubiri kwamba barabara kutoka juu ni uzi tu, na kwamba alifika mjini miguu haijamvimba. Kufikia jioni dirisha langu lina foleni: wauza nguo, walimu, fundi saa na mkewe. Viti vya wiki mbili vimekwisha. Nikapiga simu makao makuu nikiwa nimekaa wima. Mkaguzi akasema huduma itaendelea. Kisha akaongeza taratibu, kama anayesema na mtoto: niuze tiketi, nipime mizigo, nisiwaze.

Jumapili, 10 Mei
Nimewaza. Ndege moja haitutoshi tena. Mji huu unastahili ya pili. Makao makuu wanahitaji kuona umati mkubwa zaidi, na kosa langu nimeshalijua: nilitumia ndugu. Ndugu hawaaminiki. Safari hii nitatumia watu baki, na watu baki Honi anao tele, kila alfajiri, na mizigo yao mizito. Kesho nasimamisha kibao barabarani: BASI LINAPAKIA ABIRIA KWENYE UWANJA WA NDEGE. Rangi imeshakauka.