Kisu cha Mama Asende na buluu iliyonikimbia

Bandugu, leo nimeaibika mbele ya darasa zima.

Munajua nafundisha chimie, yaani kemia, hapa Baraka. Laboratoire yetu, maabara ya école, iliporwa wakati wa mapigano (kilichobaki ni mulango). Leo nikataka kuonyesha vile moto unatengeneza utando wa oksidi juu ya chuma. Mwembamba kuliko unywele mara maelfu, lakini unaleta rangi bila kupakwa rangi yoyote!

Chuma kikakosekana. Mama Asende, aliyekimbia vita Lubondja na sasa anauza mihogo mbele ya école yetu, akaniazima kisu chake.

"Mwalimu, angalia muzuri. Bwana yangu marehemu alikuwa muhunzi. Hii njo kitu moja tu nilitoka nayo kwetu."

"Bila wasiwasi, mama!" (Mdomo huu.)

Nikakiweka kwenye makaa ya jiko nililoleta darasani, Mama akiangalia kando. Kikawa manjano. Kahawia. Zambarau. Halafu buluu! Buluu ya ziwa saa sita mchana! Mi nikasahau kufundisha. Nikasahau pia kukitoa.

Buluu ikafa, ikabaki kijivu. Nikapuliza makaa ili irudi (akili za mwenye diplome!). Kikawa chekundu kama pilipili. Kilipopoa, kilikuwa cheusi. Mama akajaribu kukata muhogo. Kisu kikapinda kama kijiko.

Mama akakigeuza mkononi. Jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi.

"Mama, unisamehe. Joto lilizidi, utando ukaharibika..."

"Utando gani? Umeua chuma. Sogea."

Akakinyoosha kwa jiwe. Akakichoma mpaka kikawa chekundu, akakizamisha ndani ya mawese ya meza yake. Tsssss! Moshi! Akakisugua kwa muchanga mpaka kikang'aa, akarudisha mugongo wa kisu kwenye makaa, pole pole, macho hayapepesi.

"Muangalie. Rangi ya majani makavu inakuja... Hapa! Ikipita hapa, chuma inalegea."

Akakitoa, akakitumbukiza kwenye maji. Akachukua muhogo. Kwa! Vipande viwili.

Utando ule mi nausoma kwenye vitabu. Yeye anausoma kwa macho, bila kipimo!

"Mama, ulijifunzia wapi?"

"Kwa kiwanda ya bwana yangu. Yeye alipiga nyundo, mi nilichunga rangi."

Darasa zima likasimama, likapiga makofi. Mi pia. Ndipo sauti moja ikatoka nyuma: "Mwalimu, basi kesho mama njo atatufundisha?"

Ameshakubali, bandugu. Mi nimechagua kukaa banc ya mbele kama mwanafunzi. Musicheke, nafasi bado ziko.