Bibi Kaikataa Sakafu Yenye Joto

Kwa Mwenyekiti wa mtaa wetu, hapa Izia,

Shikamoo mzee Polikarp. Anayekuandikia ni Tadei, mjukuu wa Bibi Kristiana, kijana pekee Ufipa nzima aliyeiamuru ardhi itoe joto nayo ikatoa bila ubishi. Shule niliiacha kidato cha pili, walimu walikuwa wananichelewesha.

Nilipochimba mitaro kwenye nyumba ya wageni ya masista, mafundi walilaza mabomba ardhini na chini ya sakafu. Siri yote nikaidaka: ni friji iliyogeuzwa. Friji hunyonya joto la soda. Hii hunyonya la udongo, ikalipeleka kwenye nyayo za wageni. Nikarudi nyumbani na mabomba yaliyobaki (niliyaomba, hayakukataa), friji kuukuu na feni. Nikaunga. Sasa Bibi kanifukuza, nalala na mbuzi, Julai hii! Malalamiko yangu:

1. Sakafu ilipata joto. Bibi alivua soksi zote, za juu na za ndani, nikimwona. Leo anadai hakuhisi kitu.

2. Ni kweli boksi la feni, badala ya kupuliza hewa ya moto tu, lilipuliza na majivu ya mekoni Bibi akiwa katikati ya rozari. Lakini mzee, majivu kwa Mkatoliki ni kitu kigeni?

3. Niliyatoa mafiga, maana nyumba yangu haihitaji tena moshi. Bibi akauliza ugali ataupikia mgongoni kwangu. Hiyo ni lugha ya kumwambia mtaalamu?

Naomba umwamuru anirudishe ndani. Kisha tuchimbe mtaa mzima, tulaze bomba mpaka Muze. Kule bondeni wanalia joto kila siku. Watupe lao, sisi tuwashushie baridi, wahifadhie samaki. Wa Kasanga, kule ziwani, wakitaka, wapange foleni.

Nisalimie mama Rosina, watoto, na mbwa wenu aliyehamia sakafuni kwangu. Huyo ndiye shahidi wangu.

Mtiifu wako asiye na blanketi,
Injinia Tadei

Nyongeza: Lile gunia la mbegu ya ulezi lililokuwa likining'inia juu ya moshi lisiliwe na wadudu nililishusha, nikaliweka sakafuni nalo lifaidi. Bomba likavuja. Mbegu yote imeota, imekuwa kimea. Bibi hakunitukana. Aliishika kiganjani, akasema ilikuwa mbegu ya mama yake, akaniambia nitoke. Pombe itakuwepo, karibu. Ila mvua zikianza hatuna cha kupanda. Ukiwa na mbegu, hata bakuli moja, mpelekee. Usiseme nimekutuma.