Tableti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kupita kiasi! Tableti ya Mama mkwe imegoma. Si tableti yenyewe, ni barua pepe. Haziingii. Kamduara kanazunguka, kanazunguka, halafu hola. Mama hana raha kabisa. Mwanawe wa kiume, shemeji yangu, ni mpishi melini, na huko walipo simu hazishiki. Humwandikia Mama kila Jumapili bila kukosa. Safari hii kimya.

Sasa mimi nafurahia nini? Chumba cha mbele! Mama ana chumba kinachotazama barabara, kitupu, chenye dirisha kubwa na mwanga wa kumwaga. Studio yangu ya picha iko chini ya ngazi za jengo la watu. Wateja wangu wote wanatoka kwenye picha kama watu waliokamatwa. Na mwenye jengo amenitaka nihame mwisho wa mwezi. Kwa hiyo chumba kile ni changu, ila Mama bado hajajua.

Kikwazo ni mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Karani wa bima. Naye anakimezea mate, eti aweke meza na kibao. Ndiye aliyemnunulia Mama hiyo tableti, na huiita kishikwambi, kwa kujidai tu.

Leo Mama katangaza mbele yetu sote: atakayemletea barua ya mwanawe, chumba ni chake. Nikasema niachieni mimi. Mke wangu akanitazama. Alinitazama hivyo hivyo siku niliyotengeneza friji.

Jumanne, 5 Machi

Nimewahi kabla ya mwanyumba. Nikazima tableti, nikawasha. Hakuna kitu. Nikaipangusa kwa kitambaa cha lenzi. Hakuna kitu, ila inang'aa. Nikaipeleka dirishani, kisha nikapanda nayo juu ya kiti. Mama akauliza kama huko juu ndiko barua zinakopita. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu.

Ndipo nikaona pameandikwa Ondoa Akaunti. Nikawaza: betri ya kamera ikisumbua, unaitoa, unaipuliza, unairudisha. Nikabonyeza. Akaunti ikatoka vizuri sana, kiulaini kabisa! Kuirudisha, ikadai nenosiri.

Mama hana nenosiri. Anayelijua ni mwanyumba.

Jumatano, 6 Machi

Mwanyumba kaja na miwani mipya. Aliposikia nimeng'oa akaunti, alicheka mpaka akashikilia ukuta. Alipoombwa nenosiri, kicheko kikakatika. Amelisahau! Akakuna kichwa. Akajaribu tarehe ya ndoa yake. Ikakataa. Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele pale pale, akamwambia kwa upole sana kwamba hawakufunga ndoa mwezi huo.

Nilikwenda uani kucheka peke yangu. Jirani akauliza kama nimepata kazi.

Alhamisi, 7 Machi

Njia imepatikana! Ukisahau nenosiri, kuna swali ambalo mwenye akaunti alijiandikia mwenyewe siku ya kwanza. Ukilijibu, umeingia. Swali la Mama ni hili: Nani ninayemwamini kuliko wote hapa nyumbani?

Mama alikuwa bafuni. Hatukuona sababu ya kumsubiri.

Nikaandika jina langu, kwa unyenyekevu tu. Si sahihi. Mwanyumba akaipokonya, akaandika lake huku akitabasamu. Si sahihi! Sijapata kuona tabasamu likianguka kwa kasi ile. Nikarudia langu kwa herufi kubwa, pengine Mama aliandika kwa msisitizo. Wapi! Mwanyumba akarudia lake na kutanguliza Bwana. Tableti ikatuambia tumekosea mno, turudi kesho.

Mama akatoka na taulo kichwani. Tukamweleza. Akasema jibu ni Waziri.

Waziri ni paka.

Tukamuuliza, kwa heshima zote, kwa nini paka. Akasema Waziri hajawahi kumuuliza habari za chumba. Kisha akaenda zake kujipaka mafuta. Mimi na mwanyumba tulikaa kochi moja, na Waziri katikati yetu, anajilamba.

Ijumaa, 8 Machi

Tumeingia! Niliandika Waziri, na mlango ukafunguka. Nikapiga kelele ya ushindi, paka akakimbilia chini ya kabati. Kisha nikasoma maandishi mekundu yaliyokuwa juu: Sanduku limejaa, barua mpya zinarudishwa.

Limejaa nini? Limejaa mimi.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Tangu mwaka uanze, kila asubuhi ninamtumia Mama salamu na picha. Nazipiga kwa kamera kubwa na kuzituma zilivyo, kwa sababu kupunguza ubora ni dharau. Mimi na tai. Mimi na tai nyingine. Mimi nimeegemea dirisha la chumba cha mbele. Mimi na futi kamba, nikipima dirisha hilo. Kila moja imeandikwa juu yake: Kutoka kwa mkwe wako mpendwa. Hakuna hata moja iliyofunguliwa! Baadaye Mama alieleza kwamba alidhani ni matangazo ya suti.

Basi nikageukia ukutani, nikaanza kufuta kimyakimya. Lakini mashine ile haina siri. Kila picha inauliza, una uhakika? Mwanyumba akachungulia begani kwangu. Akazisoma zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama mtangazaji wa mpira. Mkewe akaacha mchele. Mke wangu alicheka mpaka akaomba maji. Nikajitetea kwamba bila mimi sanduku lile lingekaa tupu, na sanduku tupu huzimwa. Hakuna aliyekubali.

Mama peke yake hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: sasa barua ya mwanangu itaingia? Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Niliona aibu, aibu ya kweli, nikafuta zilizobaki bila kuzitazama. Isipokuwa ile ya futi kamba. Ile nimetoka vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Imeingia! Asubuhi, chai ikiwa mezani, tableti ikalia. Nikaidaka. Mwanyumba akadaka kona ya pili. Tukazunguka nayo meza mpaka Mama akaamuru nisome mimi, maana nina sauti.

Nikasimama. Nikafunga kifungo cha shati. Shemeji anasema ametuma na kutuma, kila barua ikirudi, akadhani Mama anaumwa, akawa halali usiku. Anasema mkataba wake melini umeisha. Anarudi nyumbani moja kwa moja, ndani ya wiki mbili! Mama akaziba mdomo kwa kanga, akalia, akacheka, akambusu Waziri kichwani. Nami machozi yakanitoka. Nikazidi kupandisha sauti, na mdomo ukatangulia akili:

"Na chumba cha mbele, Mama, usimpe mtu. Nataka nifungue mgahawa."

Niliisoma yote, kwa madaha, mpaka nukta. Ndipo nikaielewa.

Mwanyumba alikaa chini polepole. Mama akaniomba nirudie pale pa mgahawa, kwa sauti ile ile. Nikarudia. Nikamkumbusha, kwa upole, ahadi yake kwa atakayeleta barua. Akasema anaikumbuka vizuri, na aliyeileta ni Waziri, maana ndiye aliyefungua. Basi chumba ni cha Waziri, na shemeji akifika, yeye na paka watajua wao kwa wao nani alale wapi.

Mwanyumba akanipa mkono. Sijui kwa nini, tulicheka hadi chai ikapoa.

Jumapili, 10 Machi

Nimetulia na nimewaza. Kumbe hakuna kilichoharibika! Mgahawa unahitaji picha ukutani. Wateja wakishiba wanapenda kupigwa picha. Na dirisha ni kubwa, linatosha watu wawili. Kona moja tu ninataka, ile yenye mwanga. Kinachotakiwa ni shemeji anipende kabla hajafika.

Anwani yake nimeinakili kutoka kwenye tableti ya Mama. Asubuhi nikamtumia picha: mimi na aproni. Ikafuata mimi na mwiko. Kisha mimi dirishani, mikono imefunguliwa, ishara ya kumkaribisha. Nikaongeza ile ya futi kamba. Kisha zote tena, ikiwa za mwanzo hazikufika. Ubora kamili, sikupunguza hata chembe.

Jioni hii Mama amenipigia simu. Amemwandikia mwanawe kumuuliza atatua siku gani, ili akampokee, na barua yake imerudi. Eti sanduku la mpokeaji limejaa.

Meli gani hiyo yenye mitambo mibovu namna hii? Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nakuja kesho asubuhi na kitambaa changu cha lenzi, aniachie mimi.